Mbwa wetu amezeeka lakini bado anakula. Je, ana maumivu?

SWALI: Habari za kazi, Daktari. Mimi ni mama wa miaka 61, naishi Mufindi. Nimekaa na mbwa tangu nikiwa mtoto kwa baba. Wa kwanza, Simba, alishikwa na kichaa cha mbwa, akapigwa risasi mbele yetu. Wa pili alikula sumu. Wa tatu, Popi, alihara damu akafa akiwa na miezi minne. Wa nne aligongwa na lori la magogo. Huyu wa tano anaitwa Sijali, dume, kilo kama 25, ana miaka 13. Siku hizi asubuhi anachukua muda kuinuka, miguu ya nyuma inateleza sakafuni, na usiku anahema na kuhamahama. Nilimpa nusu kidonge cha diklofenaki, akachangamka siku mbili. Kijana wangu anasema tumwekee sumu apumzike. Lakini chakula chake bado anamaliza. Je, huu ni uzee tu au anaumia? Na nitajuaje kwamba muda wake umefika?

JIBU: Shikamoo mama, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu ya hao wanne waliotangulia. Wote waliondoka ghafla. Sijali ndiye wa kwanza kuzeeka mikononi mwako, na kufika miaka 13 hakukuja bure: naamini ni chanjo, na geti linalofungwa. Mbwa wengi wa vijijini kwetu hufa wangali vijana, ndiyo maana hata watu waliofuga mbwa maisha yao yote hawajawahi kumuuguza mbwa mzee. Kumlilia mbwa aliyekufa ghafla unakujua. Huku kumpoteza polepole ni kugeni kwako, na hakuna aliyekufundisha.

Nianze na lisilosubiri. Diklofenaki acha leo, na usimpe tena hata robo. Kwa mbwa dawa hiyo inachubua tumbo na kuumiza figo, na ibuprofeni ni hivyo hivyo. Kuchangamka kwake kulikuwa kweli, maumivu yalipungua, lakini tumbo linaweza kuwa linatoka damu wakati yeye anatikisa mkia. Kesho asubuhi angalia kinyesi chake. Kikiwa cheusi na cha kunata kama lami, hiyo ni damu iliyosagwa tumboni. Mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo. Mfunue mdomo wa juu uone ufizi pia. Ubonyeze kwa kidole hadi uwe mweupe, kisha uachie. Wekundu urudi ndani ya sekunde mbili. Wekundu ukichelewa kurudi, au ufizi wote ukiwa umepauka, usingoje kesho.

Sasa swali lenyewe. Uzee peke yake si kawaida kumfanya mbwa ahamehame usiku. Anayelala, akainuka, akazunguka, akalala tena na kuhema wakati hakuna joto, mara nyingi ana mahali panapomuuma. Kwa umri wake na jinsi ulivyoeleza, ninachokifikiria kwanza ni baridi yabisi ya nyonga au magoti: gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, limelika, mifupa inasuguana, na baridi ya Juni na Julai huko kwenu inakaza viungo usiku kucha. Ndiyo sababu asubuhi ni mbaya kuliko mchana.

Lakini miguu ya nyuma inaweza kulegea kwa sababu ya mishipa ya fahamu pia, na hilo unaweza kulipima mwenyewe. Akiwa amesimama, mshikilie tumboni asianguke. Nyanyua mguu mmoja wa nyuma, ukunje uukanyagishe kwa upande wa juu wa unyayo, kucha zikielekea nyuma. Mbwa mzima haukubali mkao huo hata kwa sekunde moja, anaugeuza papo hapo. Akiuacha hivyo, au akiugeuza kwa uvivu, tatizo liko mgongoni zaidi kuliko kwenye viungo. Halafu kagua kucha za nyuma. Zikiwa zimesagika upande wa juu, anaburuta miguu, na pengine ameanza zamani kuliko ulivyodhani. Papasa na mapaja yote mawili kwa pamoja: paja linaloumwa hunywea kwa sababu mbwa anaacha kulitumia.

Kitu kingine cha kupima ni maji. Asubuhi jaza dumu la lita tano, na bakuli lake lijazwe kutoka humo tu. Fungia ndoo nyingine zote. Kesho yake saa ile ile, pima kilichobaki dumuni na bakulini, ukitoe kwenye zile lita tano. Mbwa wa kilo 25 akinywa zaidi ya lita mbili na nusu kwa siku, amepita kiasi, na hapo nafikiria figo au kisukari. Nakuomba ufanye hivi kabla ya kumwona daktari, maana dawa za maumivu zinachaguliwa kwa kuangalia figo. Ukifika, mwombe apime damu, urea na kreatinini, ndivyo vipimo vya figo.

Figo zikiwa nzuri, ipo dawa iitwayo meloksikamu ambayo imewasaidia wazee wengi niliowatibu. Dozi ya kila siku ni miligramu 0.1 kwa kilo, yaani kwa Sijali ni 2.5. Kidonge cha binadamu dukani ni 7.5 au 15. Unaona mwenyewe jinsi nusu kidonge ya kukisia inavyoweza kuua. Na kwa kuwa amekula diklofenaki, daktari atamwacha apumzike kama wiki moja kwanza. Mwambie ukweli kuhusu kidonge ulichompa. Hakuna atakayekugombeza, na akikugombeza, vumilia, mradi ajue.

Usiku wa leo mtoe kwenye saruji. Gunia mbili zilizojazwa manyasi makavu au maganda ya mahindi, mahali pasipo na upepo. Pale anapoteleza tandika mkeka au zulia kuukuu. Ukitoka, nenda naye polepole, mara mbili tatu kwa siku, dakika kumi kumi. Kumfungia alale siku nzima kunakaza viungo zaidi.

Nije kwenye hilo la kula, maana naona ndilo umelishikilia. Mama, kula si ushahidi kwamba mbwa haumii. Nilikuwa na Bobi, nilimchukua nikiwa mwaka wa mwisho chuoni Morogoro, akaishi nami miaka 12. Alipata uvimbe kwenye mfupa wa mguu wa mbele. Nilijua unakoelekea, ni kazi yangu kujua, lakini nilijiambia: siku atakayokataa chakula, hiyo ndiyo siku. Hakukataa. Alhamisi jioni alikula ugali na dagaa mkononi mwangu, akalamba vidole. Usiku ule mfupa ulivunjika, na dawa ilikuwa imefungiwa kabatini kazini, kilomita 40. Alilia mpaka alfajiri kichwa kikiwa mapajani pangu. Nilichelewa wiki tatu nzima, na sababu ilikuwa bakuli tupu.

Kwa hiyo usihesabu bakuli. Chukua kalenda ya ukutani. Kila usiku kabla ya kulala chora duara kama siku ilikuwa njema kwake, msalaba kama ilikuwa mbaya, na uchore kwa haki, usimwonee huruma wala usijionee. Pembeni andika vitu vitatu alivyovipenda kuliko vyote. Sijui vya Sijali ni vipi. Labda kukupokea getini, kukufuata shambani, kuifokea pikipiki ya maziwa. Misalaba ikipita maduara kwa wiki mbili mfululizo akiwa tayari kwenye dawa, na viwili kati ya vile vitatu akiwa ameviacha, muda umefika. Daktari Alice Villalobos wa Marekani alitengeneza kipimo chenye mambo saba, kama maumivu, hamu ya kula, maji, usafi na kutembea, kila moja kwa alama 0 hadi 10, na jumla inayozidi 35 inaonyesha mnyama bado ana maisha ya kuishi. Ninakitumia kliniki. Nyumbani, kalenda inatosha.

Sumu hapana. Mwambie kijana nimesema hapana kwa herufi kubwa. Wewe ulimwona yule wa pili alivyokufa, na nadhani hukumsimulia mwanao yote. Daktari akija nyumbani ataanza na sindano ya usingizi, Sijali atalala kama dakika kumi kichwa kikiwa kwako ukitaka. Kisha anaingiza pentobabitali, dawa ya kumlaza moja kwa moja, kwenye mshipa, na kupumua kunasimama kabla dawa haijaisha kwenye bomba la sindano, moyo ukifuata baada ya dakika chache. Macho hayatafumba. Anaweza kuvuta pumzi moja au mbili nzito, au kujikojolea; hapo hayupo tena, ni mwili tu. Nakueleza mapema ili usije ukashtuka ukadhani anateseka.

Kaburi liwe na kina cha mita moja na zaidi, mbali na kisima, na uweke mawe juu. Dawa ile haiishi mwilini. Mbwa wa jirani au tai akifukua na kula, naye atakufa.

Ila sidhani tumefika huko. Kwa maelezo yako, Sijali hajapata hata siku moja ya tiba sahihi, na wazee wenye baridi yabisi wakitibiwa vizuri huwa naona wanarudi kusimama wenyewe asubuhi. Anza na dumu la maji na gunia la manyasi. Niandikie baada ya wiki mbili uniambie kalenda ina maduara mangapi, na kama ule mguu aliugeuza.