Vifaranga wa mashine wanaharisha, wa koo wazima

Ndugu, unasema vifaranga wako wa mashine wanaharisha kwa sababu damu ya ukoo wao imeharibika, ilhali wa koo (kuku mama) ni wazima. Damu haijaharibika. Mayai si yaleyale? Wa mashine wamekosa bakteria wazuri wa tumboni, ambao kifaranga huwaokota akidonoa kinyesi cha mama. (Mimi nilikuwa nakifagia, eti usafi!) Mwaka 1973 Nurmi na Rantala wa Ufini walilisha vifaranga yaliyomo kwenye utumbo wa kuku wakubwa, na salmonela (bakteria wa ugonjwa) haikuwashika kirahisi.

Una koo mzima anayeatamia? Mchomekee vifaranga usiku, siku ileile wanapoanguliwa. Huna, uliza probayotiki (dawa yenye bakteria wazuri) duka la mifugo. Kinyesi cha kwa jirani usilete, kitakuja na koksidia (vijidudu vya utumbo vinavyoharisha).

Ukiona uharo mweupe umeganda mkunduni, muite daktari wa mifugo haraka: huenda ni pulorumu, ugonjwa wa aina ya salmonela, nao hupitia ndani ya yai, na hapo mama ndiye chanzo.