Maswali ya Wasomaji: Mzee Yule na Gurudumu la Vali

SWALI: Shikamoo, Mzee. Mwezi uliopita niliwapeleka wanangu Gosport, kusini mwa Uingereza, kuiona nyambizi ya zamani iitwayo HMS Alliance. Ndani tulimkuta mzee ameweka kiganja juu ya gurudumu dogo la vali, machozi yakimlengalenga. Wewe uliyekuwa baharia wa nyambizi, nieleze: mtu anawezaje kukipenda chombo chenye kubana kiasi kile?
Mama wa watoto wawili, Leicester

JIBU: Marahaba, mwanangu. Sikutumikia ndani ya Alliance. Nilitumikia katika nyambizi nyingine ya dizeli, mdogo wake kwa umri, lakini nilipoingia ndani ya Alliance mara ya kwanza mikono yangu ilijua pa kushika kabla macho hayajazoea mwanga.

Alliance iliundwa Barrow-in-Furness ili ikapigane na Wajapani katika bahari ya Pasifiki, ikashushwa majini mwaka 1945, na vita vikaisha kabla haijakamilika. Ina urefu wa mita 86 hivi, na humo waliishi watu zaidi ya 60 pamoja na topido, betri na chakula chao.

Nyambizi ya namna hiyo huenda chini ya maji kwa nguvu ya betri, na betri hujazwa kwa injini za dizeli, ambazo haziwezi kuwaka bila hewa. Ndiyo maana ilibuniwa njia ya kuinua bomba refu juu ya maji ili injini zivute hewa huku chombo chenyewe kimejificha, na kwa bomba hilo Alliance ilikaa chini ya maji siku 30 mfululizo mwaka 1947. Wimbi likiufunika mdomo wa bomba, vali hujifunga ili maji yasiingie, lakini injini huendelea kuvuta, nazo sasa huvuta hewa ile ile mnayopumua. Masikio huziba, kichwa hubana, kisha vali hufunguka na hewa hurudi kwa kishindo. Bahari ikichafuka, hali hiyo hujirudia usiku kucha, nasi tulijifunza kulala hivyo hivyo. Harufu ya dizeli iliingia hadi kwenye mkate. Mama yangu alizifua nguo zangu mara tatu, na bado aliisikia.

Sasa nije kwa mzee wako. Kabla hujakubaliwa kuwa baharia wa nyambizi, ulitakiwa kuijua kila vali na kila swichi kutoka mbele hadi nyuma, uweze kuifikia gizani kwa kupapasa, hata kama wewe ni mpishi. Sababu yake ni kwamba vali moja iliyosahauliwa wazi ingetuzamisha sote, kamanda na kijana wa jikoni. Nililala usingizi mzito kwa sababu nilimjua aliyekuwa zamu. Tangu nishuke nchi kavu sijawahi kumwamini mtu kwa kiasi kile, na nadhani mzee yule alikuwa akiwashika wenzake.

Mkirudi, msimamishe mwanao mkubwa katika ujia mwembamba ulio baina ya injini mbili, umwambie kwamba hapo mtu alisimama zamu nzima, katika joto na kelele zilizowalazimu kuzungumza kwa ishara za mikono. Na mkimkuta tena mzee huyo, mwamkieni, kisha mwulizeni vali ile ilikuwa ya nini.