Mavu wakiuzonga mzinga, tazama mlango

Mwaka wa kwanza kufuga nyuki huku kusini-magharibi mwa Ufaransa nilijiona fundi. Nimekulia Sikonge, Tanzania, mizinga ya baba ikining'inia mitini, na maadui niliowajua ni nyegere na siafu. Agosti nikakuta mavu watatu wenye miguu ya manjano wameelea mbele ya mzinga, wameupa mgongo. Humvizia nyuki anayerudi na mzigo. Wakimnasa, humpeleka tawini, wakamkata kichwa, mabawa na tumbo, kikabaki kifua tu: kinofu cha kulisha watoto wao.

Nikachukua raketi ya badminton (jirani alicheka mpaka akakaa chini). Niliua kama 20. Kesho yake wakaja wengine. Nikajifariji kwamba mzinga una maelfu ya nyuki, wakiliwa 50 si kitu. Hapo ndipo nilipopotea. Nyuki walikuwa wamejazana mlangoni kama zulia, hawatoki. Chavua haiingii, nekta haiingii. Desemba mzinga niliuinua kwa mkono mmoja. Februari niliubandika sikio, kimya.

Huko Asia walikotoka mavu hawa, nyuki wa kule wana dawa yao: humkumbatia mavu kwa mamia, wakatetemesha misuli mpaka ndani ya lile donge joto linafika nyuzi 45 hivi, akafa. Nyuki wa Ulaya hujaribu, ila mavu hawa wameonekana Ufaransa tangu 2004 tu, nyuki hao bado hawajawazoea. Inabidi uwasaidie.

Siku hizi, kabla Julai haijaisha, nafunga kizimba cha wavu mbele ya mlango. Mavu hawapungui hata kidogo, lakini wanakaa mbali kidogo, na nyuki wanarudi kazini. Mlango wenyewe naubana ubaki na kimo cha milimita 5.5, mavu asipenye. Septemba nauinua mzinga kwa nyuma kila wiki. Ukiwa mwepesi nawapa maji ya sukari jioni, ndani kabisa, maana tone likimwagika nje umewaalika mavu mwenyewe. Mitego ya chupa ya bia nimeitupa, ilijaa wadudu wasio na hatia.

Kiota ukikiona usikirushie jiwe, waite wenye vifaa, na mapema. Mimi changu nilikiona Novemba majani yalipopukutika, juu ya mwaloni niliopita chini yake kila asubuhi. Malkia wapya walishaondoka.