Warm, hot, cool, cold: soma hii kabla hujakaa risepsheni

Kila msimu ukianza hapa Zanzibar naletewa vijana wapya risepsheni, wengi wametoka chuo na Kiingereza chao kiko safi, gramatika wananishinda hata mimi, ila wakifika kwenye maneno ya joto na baridi ndo wageni wanaanza kuwakodolea macho.

Sasa sikilizeni. "Warm" ukimpa mtu ni sifa, ukikipa kinywaji mara nyingi ni lawama. Mgeni akisema "the staff are so warm" kashukuru huyo, tabasamu. Akisema "the beer is warm" usitabasamu, bia haijapoa hiyo, kimbilia friji. Chai nayo inatakiwa iwe hot, hakuna anayetaka chai ya warm. Maziwa ya mtoto ndo yanakuwa warm, yale ukidondoshea kwenye mkono huungui, sasa wewe mpelekee mama wa watu yaliyochemka eti si yote moto tu, uone atakavyokaa anayapuliza huku mtoto analia. Maji ya kuoga wakikwambia ni lukewarm, yaani vuguvugu, ita fundi wa hita, usibishane kwamba yana moto. Na hiyo lukewarm ikihamia kwenye mapokezi, "lukewarm welcome", maana yake mlimpokea kama hamkumtaka.

Hot kwa mtu kuweni makini jamani. Kuna dada alimwona mzee anavuja jasho, kwa nia njema kabisa akamuuliza "are you hot, sir?" na mke wa mzee kasimama pale pale, yule mama aligeuka nikajifanya natafuta funguo. Hot ni joto lakini pia ni mtu wa kutamanisha, so sema "is it too hot for you here?" au mpe maji tu yaishe. Cold ndo usiseme: "I'm cold" anasikia baridi, punguza AC, "I have a cold" ana mafua, "the manager was cold" hapo AC haihusiki, meneja alikuwa kauzu.

Cool inatuchanganya sisi zaidi kwa sababu kwetu poa ni poa, na kwa joto la huku nani anataka kuongezewa moto? "Cool guy" sawa, "that's cool" sawa, lakini "a cool welcome" ni mapokezi ya kununa. Nadhani ni vile lugha yao imekulia kwenye baridi, kwao raha ni kuota moto. Ndo maana huwa nacheka moyoni mgeni akishuka kwenye gari kutoka airport, anakuta trei ina vitaulo vimetoka kwenye friji, anajifuta shingo hadi nyuma ya masikio, anashushia na dafu la baridi, halafu usiku anaandika kwenye rivyu "what a warm welcome!"

Na hilo neno lina nguvu msilidharau. Mwaka 1946 mwanasaikolojia Solomon Asch kule Marekani aliwasomea watu orodha ya sifa za mtu, ana akili, mchapakazi na kadhalika, kundi moja likasikia pia ni warm, lingine cold, mengine yote yale yale. Waliosikia warm wengi wakamwona ni mkarimu na mcheshi, wale wengine wakamwona vingine kabisa. Kwenye semina watawaletea pia ule utafiti wa 2008, kwamba mtu akishika kikombe cha kahawa ya moto anamwona mwenzake ni mwema zaidi, ila waliokuja kurudia kwa watu wengi zaidi hawakuliona hilo, kwa hiyo msianze kuwapa wageni kahawa ya moto saa nane mchana Nungwi.

Kwenye imeili, "warm regards" inafaa mkishazoeana kidogo au unapothibitisha bukingi. Na moja inatosha, siyo "warm greetings from warm Zanzibar, we warmly welcome you", hiyo imezidi sukari. Ukiwa unamkatalia mtu kurudishiwa hela weka "kind regards", maana warm hapo ataona kama unamkejeli. Na anayelalamika kwamba AC ya chumba chake haikufanya kazi usiku kucha, huyo usithubutu kabisa kumwandikia warm yoyote ile.