Swali kutoka Moshi: tukitajirika, moshi utapungua wenyewe?

Mwalimu mmoja wa Jiografia, sekondari huko Moshi, ameniandikia hivi: "Injinia shikamoo. Nimewaonyesha wanafunzi grafu za salfa dioksaidi (ile gesi chafu inayotoka makaa ya mawe na mafuta yakichomwa) za nchi mbalimbali. Ujerumani imeshuka sana, China ilipanda ikashuka, India bado inapanda. Mwanafunzi akauliza kama ni utajiri ndo unasafisha hewa, na kama sisi Tanzania tusubiri tu tufike huko. Nikakosa jibu la kueleweka. Pia kwa nini amonia haishuki kama salfa?"

Marahaba Mwalimu, na huyo mwanafunzi mpe hongera, maana swali lake wachumi wamelibishania tangu miaka ya 1990. Wachumi wawili, Grossman na Krueger, walionyesha kwamba baadhi ya uchafu hupanda nchi ikiwa inaanza kupata hela halafu hushuka ikishatajirika, watu wakaidaka hiyo wakaifanya sheria ya asili, kwamba we tajirika tu mengine yatajipa. Mi siikubali hivyo ilivyo, na nchi hizohizo ulizozitaja ndo ushahidi wangu.

Anza na hesabu yenyewe. Moshi wa nchi ni kuzidisha: watu wangapi, kila mtu anazalisha na kutumia kiasi gani, shughuli hizo zinakula nishati kiasi gani, nishati yenyewe inatoka kwenye nini (makaa ya mawe, gesi, maji, kuni), na mwisho kila tani inayochomwa inatoa uchafu kiasi gani hadi kufika hewani. Vitu viwili vya kwanza karibu kila nchi vinapanda tu. Kwa hiyo mstari ukishuka ujue hivyo vitatu vya mwisho vimeshuka kwa nguvu kuliko hivyo viwili vilivyopanda. Marekani tangu 1970 uchumi umekua zaidi ya mara 3 na kilomita ambazo magari yanatembea zimekaribia mara 3, ila salfa dioksaidi imeshuka zaidi ya asilimia 90. Watu hawakupunguza kuishi. Kilichobadilika ni sheria ya hewa safi ya 1970 na marekebisho yake ya 1990, makaa yenye salfa kidogo, mitambo ya kuosha moshi, na baadae gesi kuchukua nafasi ya makaa.

Sasa China, hapa tukae kidogo maana ndo pazuri. Salfa yao ilifika kileleni karibu 2006. Lakini makaa ya mawe waliendelea kuchoma zaidi na zaidi mpaka karibu 2013! Yaani kwa miaka kadhaa makaa yanapanda, salfa inashuka. Inawezekanaje? Mpango wao wa miaka mitano wa 2006 hadi 2010 uliweka lengo la kupunguza salfa dioksaidi kwa asilimia 10, mitambo ya umeme ikafungwa vifaa vya kuosha moshi. Moshi unapitishwa kwenye uji wa chokaa, salfa inanasa humo na kinachobaki ni jasi, ileile ya kutengenezea jipsamu bodi za dari. Baadae viwango vikakazwa zaidi. Halafu angalia oksaidi za nitrojeni, gesi nyingine ya moshi wa mitambo na magari: zenyewe zilisubiri mpaka mpango uliofuata, 2011 hadi 2015, ndo zikawekewa lengo, na kilele chake nacho kikaja karibu na hapo. Nchi ileile, utajiri uleule, gesi mbili tofauti, kila moja imegeuka ilipoandikiwa lengo lake. Kama ni kipato tu kingekuwa kinasafisha zingegeuka pamoja.

Tena China imegeuka ikiwa na kipato cha chini kuliko kile Ulaya Magharibi na Marekani walichokuwa nacho wakati wao wanageuka. Teknolojia ilishakuwepo, imeshajaribiwa na wengine, bei imeshuka. Anayekuja nyuma si lazima apite tope lote la waliomtangulia.

India ni kisa cha upande wa pili. Desemba 2015 walitoa kiwango cha salfa kwa mitambo ya makaa, mwisho ukawa 2017, ukasogezwa, ukasogezwa tena, na 2025 serikali ikaisamehe mitambo mingi kabisa. Hoja yao ni kwamba makaa yao yana salfa kidogo, na ni kweli kwa kiasi fulani, ila wingi wa makaa unameza hiyo faida.

Ujerumani nayo usiifundishe kama hadithi moja, ni mbili zimeunganishwa. Magharibi walibanwa na kanuni ya mitambo mikubwa ya 1983, wakati watu wamechachamaa misitu inakufa kwa mvua ya tindikali. Mashariki ilikuwa inachoma makaa ya kahawia kwa fujo, baada ya 1990 viwanda vikafungwa na vilivyobaki vikakarabatiwa. Ndo maana kati ya 1990 na 2000 salfa ya nchi nzima ilianguka kwa zaidi ya asilimia 80. Kwa hiyo sehemu ya mteremko ni sheria, sehemu ni uchumi kuporomoka, na grafu haikwambii ipi ni ipi.

Kuna wale watakaokwambia wazungu wamehamishia viwanda Asia tu basi. Ipo, lakini kwa salfa ni sehemu ndogo: nyingi ilikuwa inatoka kwenye kuzalisha umeme, na umeme wa Berlin hauletwi na meli kutoka Shanghai.

Amonia ni fupi. Inatoka kwenye kinyesi cha mifugo na mbolea kama urea, haina bomba moja la kufungia chujio, imetapakaa mashambani, na wakulima Ulaya ukiwagusa wanaleta matrekta barabarani. Kwa hiyo imeshuka kidogo tu.

Turudi nyumbani. Mstari wetu wa salfa uko chini kwa sababu umeme wetu ni maji na gesi, Nyumba ya Mungu hapo kwenu, gesi ya Songo Songo tangu 2004, sa hivi na bwawa la Nyerere la megawati 2,115. Sio kwa sababu ni masikini tu. Kwetu tatizo ni masizi na kaboni monoksaidi, na hizo zinatoka jikoni, kuni na mkaa, kwa hiyo zinafuata idadi ya watu, na mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034 ndo utaamua mstari huo unaenda wapi, kuliko kipato. Barabarani hivyohivyo: madini ya risasi kwenye petroli tuliyatoa kufikia 2006 pamoja na nchi nyingine za Afrika kusini mwa Sahara, dizeli ya salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni ikawa kiwango cha Afrika Mashariki 2015, na wala hatukuwa matajiri. Ila ukienda gereji hapa Arusha utakuta mtu anatoa masega ya ekzosi (kile kifaa kinachosafisha moshi wa gari) anayauza, gari iliyotoka Japani safi kabisa inaanza kutema kama lori la zamani. Hapo kiwango cha mafuta hakikusaidii.

La mwisho Mwalimu, waambie wanafunzi hizo grafu ni makadirio, hakuna aliyepima kila bomba na kila jiko. Wanachukua kiasi kilichochomwa wanazidisha na kiwango cha uchafu kwa tani. Makaa ya mtambo wa umeme yana risiti, mkaa wa gunia hauna, kwa hiyo mstari wa Ujerumani uuamini kuliko wetu, na toleo jipya la data likitoka hata namba yetu ya 1990 inaweza kubadilika, wakikuletea mbili tofauti usiwakate maksi.