Barua kwa mwanangu: kitanda kwanza

Mwanangu,

Barua yako imefika na tumeisoma mara mbili, mara ya pili mama yako akiisoma kwa sauti kwa sababu miwani yangu imevunjika mkono. Afya ipo. Magoti nayo yapo, tuyaache.

Unasema kiwanda kimepunguza watu zaidi ya arobaini kwa siku moja, wote wageni kama ninyi, na akiba ya chama chenu inatosha kuwashika watu kumi na wawili kwa miezi miwili. Nusu ya wenye shida hawajawahi kulipa ada hata mara moja. Swali lako ni fupi: mwanachama kwanza, au mwenye shida kwanza? Unasema unaniuliza mimi kwa kuwa niliwahi kuwa mhazini. Sawa. Mimi nadhani unaniuliza kwa sababu ya ile bahasha uliyokuwa ukikatazwa kuigusa.

Nitafika huko. Nianze na kitanda. Kitanda kwanza, mengine baadaye. Nimelisema hili tangu hujaota meno na sitaliacha uzeeni.

Mwenyeji akipunguzwa kazini amepoteza mshahara. Ni pigo, silidharau, lakini jioni anarudi kwenye mlango ule ule aliotokea asubuhi. Mgeni anapewa barua moja, na ndani ya barua hiyo mna misiba mitatu: mshahara umekwisha, bweni ni la mwajiri, kwa hiyo toka, kibali kimeandikwa kwa jina la mwajiri, kwa hiyo siku zako zinahesabiwa. Nimekuja kusoma nikiwa nimeshastaafu kwamba Shirika la Kazi Duniani lililiona jambo hili tangu 1975. Mkataba wake namba 143 unasema mhamiaji anayeishi nchini kihalali asihesabiwe mvunja sheria eti kwa sababu tu amepoteza kazi. Maneno mazuri. Nchi nyingi zinazopokea wafanyakazi hazijauridhia hadi leo, na mimi nilipouhitaji sikujua hata kama upo. Tena mkataba haulaliwi.

Ulinitumia mwenyewe zile picha za Beirut, mwaka 2020. Pesa ya Lebanon imeporomoka, mwajiri hana cha kumlipa msichana wa kazi, basi anampakia kwenye gari na kumshusha mbele ya ubalozi mdogo wa Ethiopia na begi lake, kama anayerudisha chombo cha kuazima. Wakalala barabarani. Miongoni mwa waliohangaika kuwatafutia chakula na kodi ya chumba walikuwa wafanyakazi wa ndani wenzao, wenye vikundi vyao vidogo, watu ambao wenyewe kesho yao haikujulikana. Nilipoona zile picha sikumtazama mtu usoni. Nilitazama mabegi yaliyofungwa kwa kamba, nikajua aliyeyafunga hakupewa hata saa moja.

Kwa hiyo kabla hujafungua daftari la ada, hesabu vitanda. Nani leo usiku analala wapi? Nani anafanya kazi usiku ili kitanda chake mchana kilaliwe na mwingine? Sisi tulikuwa wanane kwenye chumba cha watu wanne na kitanda hakikupata kupoa. Hukumbuki, ulikuwa ukilala kwa mama yako na akina mama wenzake. Unachokumbuka ni mluzi.

Niache kidogo niseme habari ya mluzi, maana mama yako ameshaanza kucheka.

Ulipokuja mtikisiko wa uchumi wa 2008, saiti zilifungwa moja baada ya nyingine kama taa za mtaa alfajiri. Sisi wanaume wote tulikuwa watu wa ujenzi. Nyumba mpya hazikujengwa tena, lakini zilizokwisha kujengwa ziliendelea kuchafuka, kwa hiyo mama yako na wenzake watatu waliokuwa wakisafisha majumbani hawakukosa kazi. Wanawake wanne wakabeba wanaume kumi na mmoja kwa majira mawili ya baridi. Sasa, mwanamume mzima kukaa mezani kwa mwanamke asiye ndugu yake, siku ya kwanza anakula, ya pili anakula nusu, ya tatu anasema ameshiba tangu mchana. Mama yako akaliona. Hakutoa hotuba. Alimwendea yule fundi bomba, mtu mzima, mkali, akamwambia: "Kaka yangu, nimeelemewa, sina wa kumtoa mtoto shuleni. Nifanyie hisani." Uongo mtupu, mimi nilikuwa nimekaa pale pale, sina kazi, nina miguu miwili. Lakini kuanzia siku ile fundi alikuja kukuchukua kila alasiri akipiga mluzi tangu kona ya barabara, na jioni alikula sahani yake yote, maana alikuwa ameifanyia kazi. Ulijifunza mluzi kabla ya kujifunza kusoma, mwalimu wako akatuita kutulalamikia.

Katika msaada wote niliouona maishani, ule wa kuombwa hisani na mtu anayekulisha ndio ambao sijauona ukimdhuru mtu.

Basi, turudi kwenye mfuko wenu, maana najua utasema nimekwepa. Mfuko wa mazishi unadumu kwa sababu hatufi siku moja. Mmoja anakufa, hamsini wanachanga. Mdororo wa uchumi unawaua wote Jumatatu ile ile, hasa mkiwa wa kiwanda kimoja. Mfuko wenu haukuundwa kwa jambo hili, na si kosa lako wala la mhazini wenu. Kwa hiyo msijifungie ninyi kwa ninyi mkigombea kidogo kilichopo. Sisi tulipoteza miezi mitatu kwa kuona haya kuwaambia wenyeji kwamba tumekwama. Tulipowaambia, chama chao cha wafanyakazi kilitupa mwanasheria kila Alhamisi, na watu sita wakapata mishahara ya miezi miwili ambayo mkandarasi alikuwa ameondoka nayo. Waambie watu wako wasitupe hati zao za mshahara, hata ya zamani kiasi gani.

Kuna wazo jingine umeliandika pembeni, kwa herufi ndogo: kuwakatia tiketi wanaotaka kurudi. Mwenyekiti wetu naye alikuwa nalo, nami nilimpinga kwa kelele. Serikali zenyewe zilikuwa zikilifanya wakati ule. Hispania tangu 2008 ilikuwa ikimwambia mgeni asiye na kazi: chukua fedha zako za kukosa ajira kwa pamoja, asilimia 40 hapa na 60 ukifika kwenu, ila usirudi kuishi wala kufanya kazi kwa miaka mitatu. Japani mwaka 2009 iliwapa Wabrazili na Waperu wenye asili ya Kijapani yeni 300,000 kila mfanyakazi waende zao, na ile viza waliyoingilia wasiiombe tena. Nikasimama nikasema: huu si msaada, huyu ni mtu anayekushika mkono hadi nje kisha anafunga mlango kwa ndani. Nikataja na Ujerumani, iliyofunga mlango mwaka 1973, wafanyakazi wakakataa kuondoka kwa sababu walijua aliyetoka harudi, wakaita wake na watoto wao. Nilipigiwa makofi.

Lakini nikiwa mkweli, na uzee unamlazimisha mtu, palikuwa na wawili watatu ambao siku ile hawakupiga makofi. Walitaka kwenda kwao. Walikuwa wamechoka. Kilichowazuia ni aibu ya kushuka mikono mitupu, na mimi kwa hotuba yangu niliifanya iwe nzito zaidi. Basi wanaotaka tiketi wapeni, kimyakimya. Hapana, ngoja: wapeni baada ya kuwauliza mara mbili, na mara ya pili iwe baada ya kulala usingizi. Mtu asiye na kitanda hukubali lolote.

Na kuna jambo moja nisilowasamehe wataalamu. Aprili 2020 Benki ya Dunia ilibashiri kwamba fedha ambazo wahamiaji wanatuma kwao, katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zitapungua kwa asilimia 20 mwaka ule. Zikapungua chini ya asilimia 2. Walitoa sababu kadhaa, na huenda zote ni za kweli. Mimi naijua moja zaidi: zilitoka kwenye sahani. Mwaka 2009 bibi yako hakukosa fedha yake hata mwezi mmoja, na hadi anazikwa hakujua kwamba mwanawe hakuwa na kazi. Usimwambie shangazi yako.

Haya. Bahasha.

Katiba ya chama chetu ilikuwa na kifungu: asiyelipa ada miezi mitatu mfululizo hana haki ya kusaidiwa. Nilikipigania mimi mwenyewe, na nilikuwa na sababu. Kabla yake chama kilikuwa kisima kisicho na ukuta, kila apitaye anachota, wakati wa kuchimba hayupo. Bado naamini kifungu kile kilikuwa cha haki. Bado.

Alikuwapo kijana wa kupaka rangi, mpole, mwenye kofia ya sufi asiyoivua. Alikuja mkutanoni akasema amepunguzwa na bweni limefungwa. Mwenyekiti akanitazama. Nikafungua daftari, nikasoma safu yake mbele ya watu wote, kwa sauti, kama ilivyokuwa desturi: amelipa, amelipa, amelipa, hakulipa, hakulipa, hakulipa. Matobo matatu. Hakuna aliyemuuliza yale matobo yalikuwa ya nini. Kijana akavua kofia, mara ya kwanza kumwona kichwa wazi, akasema, "Sawa, mhazini," akatoka.

Jina lililofuata kwenye orodha lilikuwa langu.

Nami nilikuwa sina kazi, mwanangu. Nikasoma safu yangu mwenyewe kwa sauti ile ile. Haikuwa na tobo hata moja. Watu wakaafiki, nikatia saini mara mbili, mara moja kama mlipaji, mara moja kama mlipwaji, nikapokea. Njiani kurudi ndipo nilipokumbuka kwamba ile miezi mitatu sikuilipa mimi. Aliilipa mama yako, kwa kupiga magoti kwenye sakafu za watu. Kijana yule tofauti yake na mimi ilikuwa hiyo tu, hakuwa na mtu wa kumzibia safu.

Nilimtafuta usiku ule ule, usidhani sikumtafuta. Walisema amelala kwenye saiti iliyoachwa, nikaenda, nikakuta maboksi yamepangwa vizuri na hayupo.

Baada ya miaka miwili ikaja bahasha, kwa jina la cheo changu, si jina langu. Ndani mna ada ya miezi mitatu, kamili. Hakuna barua. Hakuna anwani ya mtumaji.

Sikuiingiza kwenye daftari. Ningeandika nini kwenye zile nafasi tatu? Sikuitumia pia. Imo kwenye sanduku la bati chini ya cheti chako cha kuzaliwa, na noti zake sasa zimeshapitwa, kule walibadilisha pesa, hazipokelewi popote.

Mama yako anasema ningepaswa kuvunja kifungu siku ile. Mwenyekiti, tulipokutana mara ya mwisho kabla ya kifo chake, alisema kama ningekivunja, wiki iliyofuata wangekuja thelathini na chama kingekufa kabla ya baridi ya pili, na wale tuliowasaidia wasingesaidiwa. Nimewapa haki wote wawili kwa miaka mingi, kila mmoja asipokuwapo mwenzake. Ninachoweza kukuambia bila kusita ni kwamba kusoma safu kwa sauti kulikuwa uovu, hata kama kifungu kilikuwa cha haki. Msiwasimamishe watu mbele ya mkutano. Waiteni mmoja mmoja, muulizeni kila mmoja matobo yake ni ya nini, na mwenye kuuliza asiwe mtu ambaye jina lake linafuata.

Kuhusu mwanachama au mwenye shida, nimeandika jibu hapa mara mbili na mara mbili nimelikata. Ukiangalia kwenye mwanga pengine utalisoma, usiangalie. Wewe ndiye unayewaona nyuso. Ingawa, kama ni mimi na ningekuwa na umri wako na ninayoyajua leo... Hapana. Mama yako amenikanyaga mguu chini ya meza.

Niandikie Jumapili. Majina siyahitaji, uniambie idadi tu: wangapi bado hawajapata pa kulala.

Baba yako