Ukisikia "yule shangingi", uliza amefanya nini

Mteja akiwa chini ya draya hajui kama anapiga kelele. Mashine inamvumia masikioni, anadhani ananong'ona, kumbe anatangaza. Ndivyo ilivyokuwa Jumamosi moja saluni kwangu hapa Tanga. Dada mmoja, kichwa kimejaa rola, akamwambia shoga yake: "Nyumba ya yule changudoa imeshafika lenta, we!" Saluni nzima ikasikia. Mwenye nyumba naye akasikia, maana alikuwa amekaa pale mlangoni akisubiri zamu yake. Hakujibu. Aliweka soda chini, chupa bado nusu, akajitanda mtandio wake vizuri, akatoka.

Mimi nilikuwa na kitana mkononi na sikufungua mdomo. Kibaya zaidi, lile neno yule dada alilitoa kwangu. Miezi miwili nyuma nilikuwa nimesema, kwa utani wa saluni, "Anajenga kwa hela gani, changudoa yule?" Watu wakacheka, nikasahau. Wao hawakusahau.

Changudoa kwetu watu wa pwani ni samaki kwanza. Mama alikuwa akimpika kwa nazi, na ukienda soko la samaki la Deep Sea kununua utamjua kwa doa jeusi ubavuni. Akatolewa kwenye tenga, jina lake wakapachikwa wanawake wanaojiuza barabarani, halafu likawashukia hata wasiojiuza. Kicheche vilevile: ni mnyama mdogo mwenye milia, ukimtisha anatoa harufu mbaya. Siku hizi ni binti yeyote anayedhaniwa ana wanaume zaidi ya mmoja. Na shangingi je? Lile gari kubwa la wakubwa likiitwa shangingi linapishwa njia. Mwanamke akiitwa hivyo anasengenywa mpaka anakata kona.

Yapo na mengine: malaya, guberi, kiruka njia, mdangaji. Yapo pia ambayo wanaume huapa kuwa ni sifa, kama pisi, chombo na mzigo. Mzigo! Kitu cha kupakiwa na kushushwa. Kijana mmoja anayeniletea maji alimwita hivyo msaidizi wangu, nikamwuliza dada yake tumwite nani, boksi au furushi? Akacheka kwa aibu. Tangu hapo anamwita kwa jina lake.

Kiswahili chetu hakina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume, tunajisifu kwa hilo. Lakini tukitaka kumshusha mwanamke tunambadilishia kiambishi tu: mama anakuwa jimama, dada anakuwa jidada. Mwanaume mwenye tabia ileile ni kijogoo, kidume, fundi. Tukimwita malaya, lazima tuongeze "wa kiume", kama vile cheo kile ameazima kwa mwanamke.

Neno moja tu lilipata kuwauma wanaume, nalo ni Fataki. Mtakumbuka yale matangazo ya redioni, kuanzia kama 2008, ya mzee anayewarubuni mabinti. Kila akikaribia kufanikiwa, mtu anatokea na kumharibia. Jina likashika mitaani. Mzee akionekana na mwanafunzi, watu walikuwa wakimwita Fataki waziwazi kwenye daladala. Angalia lakini lilivyofanya kazi: huwezi kumwita mtu Fataki bila kutaja alichofanya. Hivi vyeo tunavyowapa wanawake havidai hata ushahidi.

Basi njia ninayotumia sasa ni swali moja. Mtu akisema "yule kicheche", nauliza: "Amefanya nini?" Naliuliza kama mtu anayetaka umbea, siyo kama mwalimu wa nidhamu. Hapo ndipo utamu ulipo. Nimeshajibiwa "hajaolewa na umri umeenda". Nimejibiwa "anarudi saa sita usiku", kumbe anakaanga chipsi stendi. Nimejibiwa "ana maringo". Mara nyingi anayeulizwa anajisikia mwenyewe anavyoongea, anabadilisha mada.

Mara nyingine lakini jibu ni zito: "Anatembea na mume wa fulani." Sawa, tuseme hivyohivyo basi. Mkiisema sentensi nzima, mume naye anaingia ndani yake. Ukisema "shangingi", yeye anabaki nje, mkono mfukoni, anasubiri chai.

Usibandike tangazo. Nilijaribu. Niliandika kwa maka nyekundu "MATUSI HAYARUHUSIWI", nikaliweka pembeni ya kioo. Wiki haikuisha, mteja akatundika kalenda juu yake, na mimi nikaona kalenda imekaa vizuri nikaiacha.

Na wewe unayetukanwa: si lazima umalize kwa kujibu tusi, ingawa sisi wa pwani tunajua kujibu, hata kanga tunazitumia. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu kinahesabu lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani kuwa kosa. Kama ni kwenye kundi la simu, piga picha ya ujumbe kabla haujafutwa, maana ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Kuomba radhi ndiko kulikonishinda kwa muda mrefu. Nilimfuata yule mama kwake, nikamkuta anashona vijora, rundo hili hapa. Nikaanza: "Unajua dada, siku ile ilikuwa utani..." Akasimamisha cherehani. "Utani wa nani? Tunataniana mimi na wewe?" Nikanyamaza. Nikarudia upya, safari hii bila utani: nilisema neno fulani juu yako, siku fulani, mbele ya watu fulani, na halikuwa kweli. Wewe ukienda kwa mtu wako, anza na hilo la pili.

Akasema amesikia. Akaendelea kushona.

Hao waliosikia pia niliwafuata, mmojammoja, kila aliyekuja kusuka. Wawili wakaniona nimechanganyikiwa. Yule wa draya alisema, "Kwani si ulisema wewe?" Nikamwambia ndiyo, ndiyo maana nakwambia mimi.

Nyumba imeshaezekwa, bati la kijani. Nywele anasukia kwingine.